Kuamsha saa na memori kwenye butloda: mwongozo wa BeagleBone Black kwa anayeanza

Swali linalonijia kuliko yote ni hili: "Nimenakili namba zote za DDR kutoka bodi nyingine, PLL naona imeshika, lakini butloda inakufa kimya. Nifanyeje?" (Butloda ni programu ndogo inayoiamsha bodi kabla ya mfumo wa uendeshaji, DDR ni memori kuu, na PLL ni saketi inayotengeneza mapigo ya saa ya kasi kutoka kwenye kristali.) Linalofuata: "Draiva ya memori ina ugumu gani? Si niiandike tu kama ya taa?" Nimeyajibu kwa simu, nimeyajibu kwa ujumbe, na mara moja nimeyajibu nikiwa nimesimama kwenye daladala, mkono mmoja umeshika bomba. Leo nayaandika ili kesho niseme tu: soma hapa.

Mfano wetu ni BeagleBone Black. Ina chipu ya AM335x kutoka Texas Instruments na chipu moja tu ya DDR3 yenye 512 MB. Nimeichagua kwa sababu manuali yake iko wazi kwa kila mtu, na U-Boot, butloda ya chanzo huria, imeifahamu bodi hii kwa miaka mingi, kwa hiyo ukipotea una mahali pa kulinganishia. Ukihamia chipu nyingine, anwani na majina ya rejista vitabadilika. Mpangilio wa kazi utakuwa uleule.

Nadharia kidogo, kisha tuendelee

Bodi ikipata umeme, memori kubwa ni kama haipo. DDR3 imebandikwa pale, lakini hakuna aliyeipa mapigo ya saa wala aliyemwambia kidhibiti chake ina safu ngapi. Kilicho hai ni ROM ndogo ndani ya chipu. Hiyo ROM inatafuta faili liitwalo MLO kwenye kadi, inalipakia kwenye SRAM, memori ndogo ya ndani, kuanzia anwani 0x402F0400, kisha inaruka humo. Faili lisizidi 109 KB.

MLO ndiyo inayoamsha saa na DDR, halafu inaleta butloda kamili. Kwenye U-Boot hatua hii huitwa SPL. Draiva zetu mbili, ya saa na ya memori, zinaishi humu, kabla memori haijakuwepo, na hapo ndipo ugumu ulipo: huna malloc, huna vigeu vya static vya kuaminika, huna kache. Una steki ndogo na rejista, basi.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Bodi yenyewe na adapta ya 5 V yenye angalau ampea 1. Usitegemee bandari ya USB ya laptopu, itakuletea hitilafu ambazo si zako.
- Kebo ya USB kwenda UART (njia ya bodi ya kutuma na kupokea herufi) ya 3.3 V. Ile ya 5 V inaweza kuunguza pini. Inachomekwa kwenye J1: pini ya 1 ni ground, ya 4 ni RX ya bodi, ya 5 ni TX ya bodi. RX huenda kwa TX na TX kwa RX.
- Kadi ya microSD yenye patisheni ya FAT, na kisoma kadi.
- Laptopu yenye Linux, kompaila ya arm-none-eabi-gcc, mkimage, na picocom au minicom.
- Manuali ya AM335x (namba yake kwa TI ni SPRUH73) na datashiti ya chipu ya memori. Soma maandishi juu ya chipu kwa tochi ya simu, usikisie. Hapa natumia Micron MT41K256M16, daraja la -125.
- Multimita. Osiloskopu ikiwepo ni neema, ila nimefanya kazi hii mara kadhaa bila hiyo.
- Karatasi na kalamu. Sitanii, utavihitaji hatua ya 6.

Hatua kwa hatua

1. Washa taa kwanza.

Usiguse memori kabla hujawa na dalili ya uhai. Taa ya USR0 iko kwenye GPIO1 (kundi la pini za matumizi ya jumla), pini ya 21, na kuiwasha ni somo lako la kwanza la draiva ya saa. Kwenye AM335x kila kifaa cha ndani kina lango lake la mapigo. Lango likiwa limefungwa, ukikigusa kifaa, prosesa inapata data abort (kosa la kufikia anwani) na hapo safari imekwisha.

Kwa GPIO1, lango ni 0x44E000AC. Andika 2, kisha subiri biti za 17 na 16 ziwe sifuri. Sifuri hapo maana yake kifaa kimeamka. Baada ya hapo andika 7 kwenye 0x44E10854 ili pini iwe GPIO, futa biti ya 21 kwenye 0x4804C134 iwe ya kutoa, na andika 1 << 21 kwenye 0x4804C194. Taa iwake.

*Kosa la kawaida:* kuandika 2 na kuendelea bila kusubiri. Leo itafanya kazi, kesho ukibadilisha kiwango cha optimaizesheni cha kompaila itagoma.

Ukiwa hapohapo, zima wochidogi, taima inayoiwasha bodi upya ikiachwa: andika 0xAAAA kwenye 0x44E35048, subiri biti ya 4 ya 0x44E35034 iwe sifuri, andika 0x5555, subiri tena. ROM huiacha ikihesabu, na usipoizima bodi itajiwasha upya baada ya dakika chache, wewe ukidhani DDR ndiyo mbovu.

Kukompaili na kufunga faili:

```
arm-none-eabi-gcc -mcpu=cortex-a8 -ffreestanding -nostdlib -O2 ...
mkimage -T omapimage -a 0x402F0400 -d programu.bin MLO
```

Weka MLO kwenye kadi, bonyeza S2 (kitufe kilicho jirani na tundu la kadi) na uendelee kukishikilia huku ukichomeka umeme. Bila S2 bodi itaanza na eMMC yake (hifadhi iliyobandikwa kwenye bodi) na utashangaa kwa nini msimbo wako "haubadiliki".

2. Jipatie sauti.

Taa inasema "niko hai" na hapo inanyamaza. Unahitaji UART. ROM imeshawasha PLL ya vifaa vya pembeni, ile inayoitwa PER, kwa 960 MHz. Inagawanywa kwa 5 kupata 192, kisha kwa 4, na UART inapokea 48 MHz. Kwa kasi ya 115200:

48,000,000 ÷ (16 × 115200) = 26.04

Andika 26. Utapata 115385 hivi, tofauti isiyofika hata nusu asilimia, nayo UART haijali. Lango la UART0 ni 0x44E004B4, pini zake ni 0x44E10970 na 0x44E10974, na rejista zake zinaanzia 0x44E09000.

Andika kazi mbili tu: ya kutoa herufi moja, na ya kutoa namba ya biti 32 kwa heksa. Usilete printf nzima, inakula nafasi na inapenda vigeu vya static ambavyo bado huna mahali pa kuviweka.

*Onyo:* usiguse PLL ya PER. Iko sawa. Ukiibadilisha katikati ya sentensi, kioo kitajaa takataka na utaanza kuilaumu kebo.

3. Zana tatu ndogo.

```
#define soma(a)       (*(volatile uint32_t *)(a))
#define andika(a, v)  (*(volatile uint32_t *)(a) = (v))

static int subiri(uint32_t a, uint32_t barakoa, uint32_t taka)
{
    uint32_t n = 1000000;

    while ((soma(a) & barakoa) != taka)
        if (--n == 0)
            return -1;
    return 0;
}
```

Neno `volatile` si pambo. Bila hilo kompaila itasoma rejista mara moja, itaona hakuna aliyeibadilisha, na itakuzungusha milele. Na hiyo `n` nayo si pambo. Kitanzi kisicho na kikomo hakitakuambia kimekwama wapi. Kila `subiri` ikirudisha -1, toa jina la hatua na thamani ya rejista.

Ongeza kazi ya kuchelewesha kwa mikrosekunde. Tumia taima ya 2 (0x48040000) ikiendeshwa moja kwa moja na kristali ya 24 MHz, yaani hesabu 24 kwa kila mikrosekunde. Ukichelewesha kwa kuzungusha prosesa bure, siku utakayopandisha masafa ya prosesa vichelewesho vyote vitafupika na DDR itaanza kukataa bila sababu unayoiona.

4. PLL ya DDR.

Tunataka 400 MHz. Kristali ni 24 MHz. Kanuni ya PLL hii ni:

masafa = 24 × M ÷ (N + 1) ÷ M2

Chagua N = 23 ili kigawanyo kiwe 24. Hapo kila kimoja cha M ni MHz moja kamili, na M = 400 inasomeka bila kikokotoo. M2 = 1.

```
static int pll_ddr(void)
{
    uint32_t hali = soma(0x44E00494) & ~7u;
    uint32_t m2   = soma(0x44E004A0) & ~0x1Fu;

    andika(0x44E00494, hali | 4); /* Ipite kando */
    if (subiri(0x44E00434, 1, 0))
        return -1;

    andika(0x44E00440, (400 << 8) | 23);   /* M na N */
    andika(0x44E004A0, m2 | 1); /* M2 */

    andika(0x44E00494, hali | 7); /* Shika */
    return subiri(0x44E00434, 1, 1);
}
```

Utaratibu ni huo kwa PLL zote za familia hii: iondoe kazini, subiri ikubali, badilisha namba, iambie ishike, subiri ishike. Anayebadilisha M wakati PLL inafanya kazi anabadilisha tairi gari likiwa barabarani.

*Kosa la kawaida:* kuandika N = 24 kwa sababu "nataka nigawe kwa 24". Rejista inaongeza moja yenyewe. Utapata 384 MHz, PLL itashika vizuri kabisa, memori nayo itaonekana nzima. Utakuja kugundua miezi baadaye, au usigundue kamwe.

Kuhusu prosesa yenyewe: ROM huiacha kwenye 500 MHz, nayo inatosha kwa kazi hii. Siku ukitaka 1 GHz, ongea kwanza na chipu ya umeme, TPS65217C, kupitia I2C, upandishe volti, ndipo upandishe masafa. Ukishusha ni kinyume: masafa kwanza, volti baadaye.

5. Fungua kidhibiti cha memori.

Kidhibiti kinaitwa EMIF na kiko 0x4C000000. Malango yake ni mawili: 0x44E000D0 na 0x44E00028. Andika 2 kwa kila moja, usubiri kama hatua ya 1.

Kisha VTP, kipande kinachopima ukinzani wa pini za DDR ili nguvu ya mawimbi ilingane na nyaya. Rejista ni 0x44E10E0C. Washa biti ya 6, futa biti ya 0, washa tena biti ya 0, subiri biti ya 5 iwe 1. Mstari huo wa kufuta na kuwasha tena ndio wengi wanaoruka kwa sababu unaonekana hauna maana. Kipimo huanza pale biti inapopanda kutoka 0 kwenda 1, hivyo lazima kwanza ishuke.

6. Kokotoa nyakati mwenyewe.

Hapa ndipo watu hunakili, na hapa ndipo ninapowaomba msinakili. Si kwa sababu namba za wengine ni mbovu, ila siku chipu ya memori ikiadimika na fundi akabandika nyingine, hutajua ubadilishe nini.

Kwa 400 MHz, pigo moja ni nanosekunde 2.5. Datashiti inakupa nanosekunde, kidhibiti kinataka mapigo kutoa moja. Gawanya, panda hadi namba nzima inayofuata, toa moja. Kwa rejista ya kwanza ya nyakati, daraja la -125 (majina yanayoanza na t ni ya nyakati, kama yalivyo kwenye datashiti):

- tRP: 13.75 ns ÷ 2.5 = 5.5, inakuwa mapigo 6, andika 5
- tRCD: 13.75 ns, vilevile, andika 5
- tWR: 15 ns = mapigo 6, andika 5
- tRAS: 35 ns = mapigo 14, andika 13
- tRC: 48.75 ns = 19.5, inakuwa 20, andika 19
- tRRD: andika 3
- tWTR: andika 3

Mbili za mwisho zina mtego. tRRD na tWTR kwenye datashiti ni 7.5 ns, na 7.5 ÷ 2.5 ni 3 kamili, kwa hiyo ungeandika 2. Lakini soma safu ya pembeni: kwa chipu ya upana wa biti 16, kima cha chini ni mapigo 4 au 7.5 ns, lolote lililo kubwa zaidi. Nne inashinda. Kwa masafa madogo kama yetu, kima cha mapigo mara nyingi ndicho kinachoamua, na anayesoma nanosekunde peke yake hukosea papo hapo.

Sasa zipange kwenye nafasi zake: tRP inaanzia biti ya 25, tRCD 21, tWR 17, tRAS 12, tRC 6, tRRD 3, tWTR 0.

```
5<<25 | 5<<21 | 5<<17 | 13<<12 | 19<<6 | 3<<3 | 3  =  0x0AAAD4DB
```

Fungua U-Boot utafute thamani ya chipu hii. Utaikuta 0x0AAAD4DB. Mara ya kwanza nilipoipata kwa kalamu yangu nilicheka peke yangu usiku. Miaka miwili nilikuwa nikiibandika kama hirizi.

Rejista ya pili na ya tatu fanya vivyo hivyo. Ukitaka kujipima, majibu ni 0x266B7FDA na 0x501F867F.

Kiburudisho, yaani mara ngapi memori ikumbushwe kabla haijasahau, ni hesabu ya mstari mmoja: 7.8 µs × 400 MHz = 3120, ambayo kwa heksa ni 0xC30.

7. Umbo la memori.

Rejista ya usanidi ni 0x61C05332. Usiogope, ichambue. Biti tatu za juu ni 011, yaani DDR3. Biti za 15 na 14 ni 01, upana wa biti 16. Biti za 13 hadi 10 ni 4, ambayo kwa DDR3 humaanisha CL (mapigo ya kusubiri data baada ya amri ya kusoma) ya 6. Biti za 9 hadi 7 ni 6, yaani anwani 15 za safu mlalo. Za 6 hadi 4 ni 3, benki 8. Tatu za mwisho ni 2, anwani 10 za safu wima.

Hakiki kwa kujumlisha: 15 + 10 + 3 (benki 8 ni biti 3) = 28. Mbili kwa kipeo cha 28, mara baiti 2, ni 512 MB. Ikigoma kulingana na ukubwa wa chipu yako, rudi nyuma kabla hujawasha chochote.

8. Andika kwa mpangilio huu.

a) Uwiano wa PHY (saketi inayoendesha nyaya za DDR) kwenye eneo la 0x44E12000: amri 0x80 mara tatu, kisha kwa kila moja ya baiti mbili za data: kusoma DQS (wimbi linaloonyesha wakati wa kuchukua data) 0x38, kuandika DQS 0x44, FIFO 0x94, kuandika data 0x7D. Namba hizi nne ndizo pekee ninazokuruhusu unakili, na kwa BeagleBone Black tu. Zinatokana na urefu wa nyaya kati ya prosesa na memori. Ukichora bodi yako, zitafute upya kwa utaratibu wa TI wa kupima.

b) Nguvu ya pini za DDR, 0x18B, kwa rejista zote tano: 0x44E11404, 0x44E11408, 0x44E1140C, 0x44E11440 na 0x44E11444.

c) Andika 1 kwenye 0x44E1131C ili kidhibiti kimiliki pini ya CKE, inayoiruhusu memori kufuata saa.

d) Ucheleweshaji wa kusoma: 0x100007 kwenye EMIF + 0xE4 na pacha wake 0xE8.

e) Nyakati tatu: + 0x18, 0x20, 0x28. Kila moja ina pacha baiti nne mbele yake, andika kote kuwili. Pacha hutumika pale masafa yanapobadilishwa, na ukimsahau utakuja kumlilia siku ya kuongeza usimamizi wa umeme.

f) ZQ (usawazishaji wa ukinzani wa pini za memori), 0x50074BE4, kwenye + 0xC8.

g) Umbo, 0x61C05332, kwenye + 0x08.

h) Andika 0x3100 kwenye + 0x10. Subiri milisekunde 1. Kisha andika 0xC30 hapohapo na kwenye pacha wake.

Hiyo (h) huulizwa sana. Kwa nini kiburudisho kiandikwe mara mbili? DDR3 inadai ikae mikrosekunde 500 baada ya kutoka kwenye reset kabla CKE haijapanda. EMIF hupima muda huo kwa mara 16 ya thamani ya kiburudisho. 0x3100 ni 12544, mara 16 ni 200704, gawanya kwa 400 MHz: mikrosekunde 501.76. Kumbe ni namba ya kusubirisha tu, imevaa nguo za kiburudisho. Ukiandika 0xC30 moja kwa moja, memori inapewa mikrosekunde 125 hivi. Chipu nyingine zitavumilia, nyingine zitaamka siku moja moja.

9. Jaribu, na ujaribu kwa haki.

Jaribio la mgeni ni kuandika 0x12345678 kwenye 0x80000000 na kuisoma papo hapo. Halithibitishi kitu. Nyaya zenyewe zinaweza kushikilia chaji ya thamani uliyoandika sasa hivi na kukurudishia, hata chipu ikiwa imelala. Andika thamani mahali pamoja, andika kinyume chake mahali pengine, ndipo urudi kusoma ile ya kwanza.

Fanya matatu kwa mfuatano: biti moja ikitembea kwenye nyaya za data; kisha thamani tofauti kwenye umbali wa 4, 8, 16, 32 hadi 0x10000000 kwa nyaya za anwani; kisha memori nzima, kila neno likiandikwa anwani yake lenyewe, lisomwe, na lirudiwe kwa kinyume chake. Kache iwe imezimwa, la sivyo unaijaribu kache. Acha jaribio la tatu likimbie usiku kucha.

10. Hamishia kwenye U-Boot.

Kama bodi yako ni ya AM335x, huhitaji draiva mpya. Weka thamani zako kwenye faili la bodi, ukifuata lile la `board/ti/am335x`, na msimbo uliopo kwenye `arch/arm/mach-omap2/am33xx` utafanya yaleyale uliyoyafanya kwa mkono. Kwa chipu mpya, draiva ya saa inajiandikisha chini ya UCLASS_CLK na ya memori chini ya UCLASS_RAM. Kwenye mti wa vifaa vipe vyote viwili alama ya bootph, maana bila hiyo SPL haivioni kabisa. Draiva ya memori huamsha kila kitu ndani ya probe yake, na get_info hurudisha tu mwanzo na ukubwa.

Kigeu kimoja kilichonigharimu siku mbili

Nilikuwa na `static int majaribio;` ya kuhesabu PLL imeshindwa mara ngapi. Taa iliwaka, UART ikasema "PLL", halafu kimya. Nilibadilisha kebo, kadi, hata adapta. Kigeu kile kilikuwa kwenye .bss, sehemu ya vigeu vya static visivyopewa thamani ya mwanzo, na skripti ya linka niliyoiazima iliweka .bss kwenye 0x80000000, ndani ya memori ambayo nilikuwa ndiyo kwanza naiamsha. Kwenye SPL, kabla ya DDR, tumia vigeu vya ndani ya kazi, vikae kwenye steki. Angalia pia faili la .map uone kila sehemu imekaa wapi. Ni kazi ya dakika mbili.

Ikigoma

*Kioo kinaonyesha CCCCC.* ROM haikupata MLO halali, sasa inaomba uitumie faili kwa xmodem, itifaki ya kutuma faili kupitia UART. Jina la faili liwe MLO kwa herufi kubwa, patisheni iwe FAT, na uwe umepitisha mkimage.

*Takataka kwenye kioo.* Kigawanyo si 26, au umegusa PLL ya PER.

*Inakufa mara tu ukigusa EMIF.* Lango halijafunguliwa. Toa thamani ya 0x44E00028. Biti za 17 na 16 zinatakiwa zisome sifuri.

*VTP haimalizi.* Hukuishusha biti ya 0, au volti ya DDR haipo. Pima kwa multimita: kwenye bodi hii itegemee 1.5 V.

*Data inasomwa lakini baiti moja katika mbili ni mbovu.* Uwiano wa PHY wa baiti hiyo umekosewa. Mara nyingi umeandika rejista za baiti ya kwanza ukasahau za pili.

*Thamani uliyoandika 0x90000000 inaonekana 0x80000000.* Umepunguza anwani ya safu mlalo kwa moja. Rudia jumla ya hatua ya 7.

*Majaribio yanapita, lakini kerneli ya Linux inaanguka ovyo.* Angalia kiburudisho, kisha nyakati za rejista ya kwanza. Jaribio fupi haliipi memori muda wa kusahau.

*Asubuhi inawaka, mchana chumba kikipata joto inagoma.* Uwiano wa PHY uko ukingoni. Sogeza kila namba juu na chini hadi ivunjike pande zote mbili, kisha ukae katikati.

Ukikwama kabisa na ukataka kuniuliza, nitumie hivi kabla ya maelezo mengine: thamani za 0x44E00434, 0x44E10E0C, 0x4C000008 na 0x4C000010 kama zilivyotoka kwenye UART, mstari wa mwisho uliochapishwa kabla ya kimya, na picha ya maandishi juu ya chipu ya memori. Picha iwe kali.